DAFTARI LA DUKA LA TAWA
Msomaji asiyeandika hupotea pamoja na alichokisoma

Ukitoka Mombasa kwa njia ya Nairobi, ukaiacha barabara kuu pale Emali na kupita Wote, utafika Tawa, upande wa milima ya Mbooni katika kaunti ya Makueni. Ni mji mdogo wa soko. Wenyeji wake ni Wakamba, na siku ya soko utaona pojo, mbaazi na maembe yamepangwa chini mafungu mafungu. Mtu wa pwani hana la kutafuta huko ila biashara au jamaa.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya jamaa. Ami yangu alitoka Mombasa akiwa kijana, akafungua duka hapo Tawa katika miaka ya hamsini, akaoa hapo hapo, akazaa na kuzeeka. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, sikuwahi maziko. Nilikwenda baadaye kuwapa pole wafiwa.

Nilikuta wajukuu wake wanalitoa duka vitu ili wampangishe mtu wa M-Pesa. Nje palikuwa na mizani kuukuu na mawe yake, kibaba cha bati, debe tupu la mafuta taa, na daftari moja nene la jalada jeusi ambalo nusu yake ilikuwa imechanwa. Nikauliza ni la nini.

“Ni la madeni, ami,” akajibu kijana mmoja. “Tulikuwa tukiwashia jiko.”

“Mbona hamkulimaliza?”

“Tulipofika katikati tulikuta Kiarabu. Tukaogopa. Tulidhani ni Qurani.”

Haikuwa Qurani, wala hakikuwa Kiarabu. Kilikuwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu wote. Ami alikuwa akiandika madeni kuanzia mbele, kwa hati za Kizungu, ili wateja wake wasome wenyewe majina yao. Kisha akaligeuza daftari, na kutoka upande wa nyuma, ambao kwa hati zetu ndio mwanzo, akaandika jambo jingine kabisa: vitabu alivyovisoma.

Nilikaa juu ya gunia nikasoma. Alikuwa ametia jina la kitabu, mwezi alioumaliza, na maneno mawili matatu. Mwaka 1957 alisoma “Mashimo ya Mfalme Sulemani,” ile riwaya ya Kiingereza ya H. Rider Haggard ambayo Frederick Johnson aliitia katika Kiswahili mwaka 1929. Ami aliandika kwamba alikinunua akidhani ni habari za Nabii Suleiman, alayhi salaam, kumbe siye. Kisha akaongeza: “Lakini sikulala mpaka nimekimaliza.” Chini ya “Kusadikika” ya Shaaban Robert aliandika kwamba mwenye kukaa barazani ataelewa wanaosemwa humo ni akina nani. Na katika Ramadhani ya mwaka 1390, yaani mwisho wa mwaka 1970, aliandika juu ya tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyokuwa imetoka kamili mwaka mmoja kabla. Maneno yake yalikuwa machache: kuna sura alizozisoma tangu utotoni kwa mdomo, na sasa ndiyo kwanza anajua zinamwambia nini.

Ndugu msomaji, mimi nilimjua ami yangu miaka mingi. Nilijua bei ya sukari yake na ukali wake kwa wenye kuchelewesha deni. Jambo hili sikulijua mpaka siku ile.

WENZETU WALIVYOFANYA

Uingereza kuna watu waliofanya kazi ya kukusanya maneno ya namna hii. Mwaka 1996 wataalamu wa Chuo Kikuu Huria cha huko walianza kuorodhesha kila mahali ambapo msomaji wa Kiingereza aliacha ushahidi wa kitabu alichokisoma: katika barua, katika shajara, katika kesi mahakamani, au pembeni mwa ukurasa. Walianzia mwaka 1450 na kukomea 1945. Orodha yao imepita habari 30,000. Hawakutafuta wanavyuoni peke yao. Walimtafuta mtumishi wa jikoni, askari na mkulima, kwa sababu historia ya kitabu huwa nusu tu ikiwa unamjua aliyekiandika na humjui aliyekisoma.

Mashuhuri wao ni Samuel Pepys, karani mkubwa wa mambo ya manowari mjini London. Aliandika shajara kila siku kuanzia Januari 1660, tena kwa hati za mkato ili mtu asimsome. Mwezi wa Desemba 1662 alinunua kitabu cha mashairi ya mzaha kiitwacho “Hudibras,” kwa shilingi mbili unusu. Watu wote mjini walikuwa wakikisifu. Pepys alikisoma, akaona ni upuzi, akaona na haya kwa fedha aliyoitupa, akakiuza kwa shilingi moja unusu. Lakini sifa za kitabu hazikukoma. Hata ilipofika Februari mwaka uliofuata alirudi dukani akakinunua tena, ili naye ajaribu kuyaona hayo wanayoyaona wenziwe. Nani katika sisi hajapata kujifanya amependezwa na kitabu kwa kuwa jirani amependezwa? Tofauti ni kwamba Pepys aliyaandika.

Mwingine ni John Clare, aliyezaliwa mwaka 1793 katika nyumba ya kibarua wa shamba. Alipokuwa kijana wa miaka kama kumi na mitatu alionyeshwa kitabu cha James Thomson kuhusu majira ya mwaka, nacho kikamwingia moyoni. Alitafuta shilingi moja unusu, akaenda mjini Stamford kukinunua, akakuta ni Jumapili na maduka yamefungwa. Akarudi siku nyingine, baada ya kumpa mtoto mwenziwe senti amchungie farasi. Njiani kurudi hakuweza kungoja, na hakutaka watu wamwone akisoma siku ya kazi. Akaruka ukuta wa bustani ya tajiri mmoja, akaketi ndani akisoma. Siku hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, alianza kutunga mashairi. Clare akaja kuwa mshairi mkubwa, na tunajua mlango alioingilia kwa sababu alituonyesha mwenyewe.

Lakini alama za msomaji humshitaki pia. Thomas Macaulay, aliyekaa India toka 1834 hadi 1838, alikuwa na desturi ya kuandika pembeni mwa vitabu vyake, na mara nyingi mwisho wa kitabu hutia tarehe aliyokimaliza. Hivyo twajua kwamba kule Calcutta alisoma Wayunani na Warumi wa kale kwa pupa, wengine mara mbili. Na mtu huyo huyo, Februari 1835, alitoa waraka wa serikali uliodai kwamba rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya ina thamani sawa na maandishi yote ya India na ya Arabuni. Katika waraka huo alikiri kwamba Kiarabu hakijui, wala Kisanskriti. Amesoma tafsiri na kuzungumza na wajuzi. Yaani kadhi alihukumu shahidi ambaye lugha yake haisikii. Waraka ule uliisukuma serikali kuelekeza fedha zake kwenye elimu ya Kiingereza, na fikira yake ikasafiri mbali kuliko India. Wazee wetu walioambiwa kwamba mtu aliyesoma chuoni “hakusoma” waliyasikia maneno hayo bila kumjua aliyeyasema.

VITABU MABEGANI MWA WATU

Waingereza na Wazungu wengine walipokuja pande zetu walikuja na vitabu vyao, na vitabu havitembei. Vilikwenda bara juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, wengi wao wakitoka Unguja na mrima.

David Livingstone, alipokwama katika nchi ya Manyema, Kongo ya mashariki, aliandika kwamba amesoma Biblia yote mara nne. Mwislamu aliyewahi kuhitimisha Qurani mara kadhaa katika mwezi mmoja hatashangaa. Mtu aliyezuiliwa mahali bila habari wala barua hukishika kitabu alichonacho. Mwaka 1871 karatasi zilimwishia. Aliandika juu ya magazeti ya zamani ya Kiingereza, akipitisha mistari yake juu ya chapa, kwa wino alioutengeneza kwa mmea. Alikufa mwaka 1873. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake pamoja na maandishi yake mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kama wasingeyabeba, leo Mwingereza asingejua kwamba Livingstone alisoma nini Manyema, wala mara ngapi.

Henry Morton Stanley alitoka pwani mwaka huo huo wa 1874 na mizigo mitatu ya vitabu, uzito wake kama ratili 180. Kadiri watu wake walivyokufa kwa njaa, vita na maradhi, ndivyo vitabu vilivyotupwa kimoja kimoja. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1878 alisimulia kwamba karibu na mwisho wa mto Kongo wenyeji walimwona akiandika, wakaogopa uchawi, wakataka daftari lake lichomwe. Yeye, asiwe tayari kupoteza ramani na habari zake, akawapa kitabu cha Shakespeare chenye jalada lililofanana, kikachomwa, wote wakafurahi. Ni hadithi tamu, na imesimuliwa sana. Lakini daftari lenyewe aliloliokoa limebaki, na habari iliyomo humo ni ndogo zaidi: kilichochomwa ni karatasi moja aliyokuwa ameikorogakoroga kwa kalamu. Shakespeare hatajwi. Hapo ndipo unapoona thamani ya maneno yaliyoandikwa siku ile ile. Kitabu cha baadaye huandikwa kwa ajili ya wasomaji. Daftari huandikwa kwa ajili ya mwenyewe.

Ukambani nako kulipita sanduku la vitabu maarufu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ambaye si Mwingereza bali aliyekuwa Rais wa Marekani, alishuka Mombasa kwenda kuwinda. Alipanda gari la moshi hadi Kapiti, akazunguka pande za Machakos. Alikuwa na vitabu karibu sitini katika sanduku jepesi lisilopenya maji, mzigo wa mpagazi mmoja. Ili visiharibike, vilijalidiwa kwa ngozi ya nguruwe. Aliandika baadaye kwamba alivisoma mchana chini ya mti, pengine kando ya mnyama aliyemwua, na kwamba vililowa damu, jasho, mafuta ya bunduki, vumbi na majivu, na ngozi ile ikazidi kulainika kama tandiko la farasi. Nasi watu wa pwani twamwombea mpagazi yule, kama alikuwa Mwislamu, kwamba kifuniko cha sanduku kilikuwa kizima.

WALE WALIOSOMA VITABU VYETU

Si haki kusema kwamba wageni wote walisoma vyao tu. Wako waliosoma vyetu, nao pia waliacha alama.

Wa mwanzo anayetuhusu ni Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Waingereza, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Huyu ndiye aliyekwenda Kitui mwaka 1849, kwa mtemi wa biashara Kivoi, ng'ambo ya mto Athi ukiwa Tawa. Tarehe 3 Desemba mwaka huo aliuona mlima Kenya na theluji yake. Alirudi mwaka 1851, na safari hiyo msafara ulishambuliwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia peke yake porini akijaza maji katika mitutu ya bunduki. Watu wamezoea kumkumbuka kwa milima. Lakini Mombasa alikaa na watu wa elimu. Kadhi wa mji alimsaidia katika kazi zake za mwanzo za lugha. Alipata vyuo vya tenzi, akavipeleka Halle, Ujerumani, katika maktaba ya chama cha wasomi wa mambo ya mashariki. Kimojawapo kilikuwa na Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728. Hivyo utenzi wetu ulitoka kisiwani ukaenda kuhifadhiwa kwenye baridi, kwa sababu msomaji mmoja mgeni aliona kwamba ni kitu.

Wa pili ni William Taylor, Mwingereza, aliyekuja Mombasa mwaka 1880. Huyu alikiingia Kiswahili hata akatunga kwacho. Alishirikiana na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa, ambaye alikuwa akiyakumbuka na kuyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Sikujua aliandika kwa hati zetu. Taylor aliyageuza kwa hati za Kizungu na kuandika pembeni: neno hili maana yake hii, hapa mshairi anamjibu fulani, hapa anakusudia vita vile. Karatasi hizo ziko London, katika chuo cha SOAS. William Hichens alizitumia kutoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, ambaye ni mtu wa pwani mwenyewe, akazirudia katika kitabu chake cha mwaka 1979.

Tumshukuru Taylor, lakini tuseme na la pili. Sikujua alifariki mwaka 1890. Kama asingekaa chini kuandika katika miaka yake ya mwisho, Taylor angekuwa na karatasi tupu, nasi tungekuwa na jina la Muyaka na beti chache vinywani. Msomaji mkubwa wa Muyaka alikuwa Sikujua. Wengi wanaoitaja kazi ya Taylor humwita Sikujua msaidizi. Mimi namwita msomaji wa kwanza.

NA SISI TULIANDIKA

Mtu atasema kwamba desturi ya kuandika juu ya kitabu ni ya Kizungu, na mzee wa Tawa aliiga. Sivyo. Kitabu cha kale cha pwani hakikuwa kimya. Mwenye kukinakili aliandika mwishoni jina lake na la baba yake, siku na mwezi wa Kiislamu, akaomba radhi kwa makosa na akamwomba msomaji dua. Mwenye kukimiliki aliandika kwamba kimo katika milki yake, kwa kununua au kwa kurithi. Pembeni mwalimu alitia maelezo ya neno gumu, pengine kwa Kiswahili, alipokuwa akimsomesha mwanafunzi. Na mwenye kukitoa wakfu aliandika kimetolewa kwa nani na kwa sharti gani.

Ukitaka kuyaona hayo, mfano mzuri uko Lamu. Msikiti wa Riyadha, uliosimama mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa juhudi za Habib Saleh bin Alawi Jamal al-Layl, una hazina ya vitabu vya mkono ambavyo sehemu yake kubwa ilikuja kwa njia ya wakfu. Katika karne hii vimepigwa picha kurasa kwa kurasa, chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa maandishi yaliyo hatarini. Wataalamu waliovisoma hawakuangalia matini tu. Waliangalia zile nukuu za wakfu na za milki, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha kitabu kilitoka wapi, kilipita mikono gani, na Lamu ilikuwa ikisoma nini katika zama hizo. Mstari mmoja ulioandikwa na mtu aliyetaka thawabu tu umekuwa ushahidi wa historia.

Tuliyapoteza mengi kwa njia mbili. Ya kwanza ni mchwa, unyevunyevu na chumvi ya pwani, na hayo ni mambo ya Mungu. Ya pili ni sisi. Mzee akifa, vitabu vyake hugawanywa kama vyombo. Chenye jalada zuri huchukuliwa, kilichochakaa hutiwa guniani. Na mtoto asiyejua kusoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu hukiona kila kilichoandikwa hivyo kuwa ama Qurani ya kuogopwa ama kombe la mganga. Akiogopa, hukifungia kabatini kisisomwe tena. Asipoogopa, hukitupa. Kwa njia zote mbili aliyeandika amenyamazishwa.

Mzee wa Tawa aliokolewa na hofu hiyo. Madeni yake yaliyoandikwa kwa hati ambazo kila mtoto anazijua yalikwenda jikoni. Na hayo pia yalikuwa na thamani: humo mlikuwa na majina ya nusu ya Tawa kwa miaka thelathini, nani alikula nini na katika mwaka gani. Kilichobaki ni kile ambacho wajukuu hawakuweza kukisoma.

JIONI ILE

Jioni tuliketi uani, mjane wa ami, watoto na wajukuu, nikawasomea daftari kwa sauti. Mwanzoni walisikiliza kwa adabu tu, kama watu wanaosikiliza waadhi. Kisha wakaanza kucheka. Walicheka katika Nabii Suleiman aliyegeuka mwindaji wa almasi. Walicheka mahali ami alipoandika kwamba mwandishi fulani ana maneno matamu lakini hajui bei ya unga.

Walinyamaza nilipofika mwaka 1984. Ule ndio mwaka wa njaa ambayo Wakamba waliipa jina la Nikw'a Ngwete, maana yake mtu anakufa hali fedha iko mkononi, kwa kuwa chakula cha kununua hakipo. Chini ya mwaka huo hakuna kitabu hata kimoja. Kuna mistari miwili: kwamba mwaka huu hakusoma, na kwamba ameandika sana upande wa mbele. Mjane wake alieleza maana. Mwaka ule ami alikopesha kila alichokuwa nacho, na nusu ya deni hakuidai mpaka alipokufa. Kurasa zilizothibitisha hayo ndizo zilizowasha jiko. Kijana aliyezichana aliinamisha kichwa, na hakuna aliyemlaumu, maana hata sisi wakubwa hatukuwa tukijua.

Maandishi ya mwisho ni ya miaka michache kabla hajafariki. Hati imekuwa kubwa na imepinda. Anasema macho hayamsaidii tena, kwa hivyo anaacha kuandika, na anayetaka amsomee. Nilimkumbuka Pepys, aliyekomesha shajara yake tarehe 31 Mei 1669 kwa sababu hiyo hiyo, akiogopa kupofuka. Shajara ya Pepys imo Cambridge, katika Chuo cha Magdalene, pamoja na vitabu vyake 3,000 katika makabati yake mwenyewe, kama alivyousia. Daftari la ami yangu lilikuwa limebakiwa na juma moja au mawili kabla ya wapangaji kuingia.

Nilitaka kulichukua nilipeleke Mombasa. Mjane wake akakataa. “Mwanangu,” akaniambia, “huko litakuwa kitabu. Hapa ni mtu.” Tukakubaliana nilipige picha kurasa zote kwa simu, nayo asili ibaki Tawa. Akatia sharti moja: atakayeliazima aandike jina lake na siku ndani ya jalada, na siku atakayolirudisha. Hakujua kwamba sharti lake ni la wakfu, lile lile lililoandikwa juu ya vitabu vya Lamu. Nikawa wa kwanza kuandika. Yule kijana akawa wa pili, ingawa hajui kulisoma bado. Nimeahidi kumfundisha hati hizo katika likizo, herufi kwa herufi, na kitabu cha kufundishia anacho tayari.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujafunga gazeti hili, nenda kwenye sanduku au rafu ya nyumbani kwenu. Chukua kitabu kimoja cha marehemu baba, bibi au mwalimu wako wa chuoni. Usianze na matini. Fungua jalada la mbele na la nyuma, tazama pembeni mwa kurasa, tikisa uone karatasi gani inaanguka. Ukikuta mstari ulioandikwa kwa mkono, muulize aliye mkubwa kwako ni wa nani, naye angali hai wa kujibu. Kisha, katika kitabu unachokisoma wewe sasa, kama ni chako, andika jina lako, mwaka, na neno moja la kweli juu yake. Msahafu tuuache katika heshima yake. Huo una daftari la pembeni. Vingine vyote viandike.